Brashi, rola au mashine ya kupulizia: nipakie kipi chumba?

Kipepeo07: Wakuu, nataka kupaka chumba cha kulala mwenyewe, rangi ya maji. Ukuta ni wa plasta, ulishapakwa zamani. Niko njia panda: brashi pana, rola, au niazime mashine ya kupulizia? Sijawahi kushika hata kimoja.

FundiMsasa: Mashine achana nayo. Kwa chumba kimoja utahangaika kufunika sakafu, madirisha na swichi kuliko kupaka kwenyewe, halafu ukimaliza kuna kazi ya kuiosha. Inafaa nyumba ikiwa tupu. Chukua rola ya inchi 9 na brashi ya inchi 2 ya kona. Ila angalia manyoya ya rola: ukuta laini, milimita 6 hadi 10 yanatosha, ukuta wa mparuzo, 12 kwenda juu, la sivyo rangi haifiki kwenye vishimo.

MamaWawili: Naunga mkono rola, lakini nisikilize mdogo wangu. Mara ya kwanza nilikata kona zote kwa brashi asubuhi (yaani kupaka kingo ambazo rola haifiki), nikaja na rola jioni. Kingo zilishakauka! Kila ukuta ukaonekana umewekewa fremu. Siku hizi nakata ukuta mmoja, napitisha rola papo hapo kingo zikiwa mbichi, ndipo nahamia mwingine.

Kipepeo07: Asante dada. Na brashi yenyewe, ya nywele au ya plastiki?

MzeeWaNgazi: Kwa rangi ya maji, nyuzi za plastiki. Nywele za mnyama hunywa maji zikalegea. Hizo ziachie rangi ya mafuta.

Lakini mbona mnabishania rola, hakuna aliyeuliza ukuta ukoje? Pitisha kiganja. Kikitoka na unga, rangi ya zamani imechoka: osha, acha ukauke kabisa, paka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha. Kisha bandika kipande cha tepu, kikandamize, kivute kwa nguvu. Kikija na magamba, kwangua mpaka ibaki iliyoshika tu. Nimewahi kuona rola mpya ikibandua rangi ya chini, ikajiviringisha nayo kama bandeji.

Mashimo ziba kwa skimu (lipu laini ya kujazia ukuta), piga msasa namba 120, malizia na 180, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

FundiMsasa: Mzee kanikumbusha. Kama nyumba ni ya zamani sana, usipige msasa mkavu kabla rangi haijapimwa, huenda ina madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku majumbani 1978, na vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa.

MamaWawili: Na tepu ya kwenye fremu uibandue rangi ikiwa bado mbichimbichi. Ikikauka, inang'oka na rangi.

Kipepeo07: Nimepitisha kiganja sasa hivi. Kimetoka cheupe kama cha mwalimu wa hesabu. Rola itasubiri, natafuta ndoo na sponji.