Kerezo la nyumbani Kisumu: chombo gani cha kupimia kinasema kweli?

Fundi wa Mamboleo

Salamu mafundi. Niko Mamboleo, hapa Kisumu. Nyuma ya nyumba nina banda la mabati lenye kerezo dogo la mtumba (mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka), huu ni mwaka wa tatu. Ninachokereza zaidi ni shafti za visiagi, bushi za pampu za maji na puli. Wateja wengi hutoka upande wa Kibos na Miwani, wengine hutumwa na mafundi wa Kibuye wanaochomelea lakini hawana mashine ya kukereza.

Shida yangu ni kipimo. Mwezi uliopita nilitengeneza shafti ya kisiagi cha mama mmoja, inakaliwa na beringi 6206. Shimo la beringi hiyo ni milimita 30. Vania yangu ya digitali (kile chombo cha taya mbili za kubana kazi) iliandika 30.00 mara tatu mfululizo, nikafurahi. Wakati wa kuingiza, beringi ilikataa. Nikachukua kipande cha paipu na nyundo, nikaipiga hadi ikakaa. Nilipoizungusha kwa kidole ilikuwa nzito, haikujizungusha hata nusu mzunguko baada ya kuiachilia. Nikajiambia ni mpya, itazoea.

Siku ya kumi na mbili mama alirudi na shafti ndani ya gunia. Grisi yote ilikuwa imeyeyuka na kumwagika, nyeusi kama lami, na gololi zimegeuka rangi ya samawati kwa joto. Kisiagi kilisimama siku nne, na ndicho kinacholipa karo ya watoto wake. Nilimtengenezea nyingine bila malipo na beringi nikanunua mimi. Lakini zile siku nne sikuweza kumrudishia.

Jirani mwenye maikromita, chombo kinachobana kazi kwa skrubu, alipima ile shafti pembeni kidogo mwa mahali beringi ilipokaa: 30.04.

Nimeweka shilingi 20,000 kwa ajili ya vifaa vya kupimia. Ninunue vania bora zaidi ya digitali, au maikromita? Kuna duka nimeona vania imeandikwa Mitutoyo kwa 2,800. Na kubwa kuliko yote: nitajuaje kama chombo kinasema kweli kabla sijaharibu kazi ya mtu mwingine?

Kijana wa Shabab

Pole sana ndugu. Hiyo ya 2,800 usiiguse. Mitutoyo ni ya Japani na ndiyo chapa inayoigwa kuliko zote. Mtu akikuuzia kwa bei hiyo amekuuzia maandishi tu. Ni afadhali uchukue ya Kichina iliyoandikwa jina lake halisi, kama Insize, utajua umenunua nini. Mimi nina vania yao hapa Nakuru na hainisumbui, ila beringi sikalishi kwa vania.

Mzee wa Lanet

Kijana wangu, pole, na umefanya vizuri kumtengenezea yule mama. Nilikuwa fita kwenye kiwanda cha sukari huko magharibi kwa miaka 27, sasa nimestaafu niko Nakuru na kerezo langu mwenyewe. Shafti nilizoona zikirudi kama yako ni nyingi, na karibu zote aliyezipima alitumia vania.

Itazame vania yako vizuri. Unabana kazi kwenye taya, lakini mizani iko kule juu kwenye uti, ile rula ndefu. Taya inayotembea ikiwa na ulegevu kidogo, ukibana kwa ncha inainama, na kiteleza kinasogea zaidi ya inavyostahili. Matokeo yake kioo kinaandika kidogo kuliko ukubwa halisi. Ndivyo 30.04 ilivyosomeka 30.00. Mjerumani Ernst Abbe alieleza jambo hili mwaka 1890: mizani na kitu kinachopimwa vinapaswa kulala kwenye mstari mmoja. Maikromita imeundwa hivyo, vania haikuundwa hivyo. Hata Mitutoyo ya kweli ya milimita 150, watengenezaji wenyewe wanasema inaweza kukosea 0.02 juu au chini, ingawa kioo kinaonyesha 0.01.

Sasa weka hiyo kando ya kazi yako. Kwa beringi ya 30 ambayo shafti ndiyo inayozunguka, daraja la k6 (kiwango cha jinsi shafti inavyobana ndani ya beringi) linataka shafti iwe kati ya 30.002 na 30.015. Upana wote huo ni maikroni 13, yaani sehemu 13 za elfu za milimita moja. Na ndani ya 6206 ya kawaida, nafasi kati ya gololi na njia zake ni maikroni 5 hadi 20. Wewe ulipanua ukuta wa ndani wa beringi kwa shafti iliyozidi karibu maikroni 40. Ile nafasi ililiwa yote, gololi zikawa zinasagwa badala ya kubingirika. Ule uzito uliousikia kwenye kidole ndio ulikuwa kipimo cha kweli siku ile. Ukiusikia tena, toa beringi hapo hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni maikromita, na usikosee saizi. Watu hununua ya 0 hadi 25 kwa sababu ndiyo rahisi, halafu shafti zao zote ni 30 na 35. Wewe anza na ya 25 hadi 50. Hiyo lazima ije na fimbo yake ya milimita 25 ya kuwekea sufuri. Isiyo na fimbo usiilipie. Ya mtumba si mbaya. Hapa kwetu bado zipo Moore & Wright za Sheffield, Uingereza, zilizotoka karakana za zamani, na fuawe zake (nyuso mbili zinazobana kazi) zikiwa safi zitakuzika. Soma mizani kwanza lakini! Nyingi ni za inchi. Kila mstari mdogo kwenye ngoma, ile sehemu unayozungusha, ni elfu moja ya inchi, ambayo ni milimita 0.0254, na ukisahau hilo utaharibu chuma siku nzima.

Swali lako la mwisho ndilo nililolipenda. Huna haja ya kununua bloki za kupimia (vipande vya chuma vya saizi kamili) kwa sasa. Nenda dukani ununue beringi 6203 mpya, ya chapa inayojulikana, kwa muuzaji unayemwamini. Kipenyo chake cha nje ni milimita 40, na beringi ya daraja la kawaida hairuhusiwi kuzidi 40.000 wala kupungua 39.989. Nunua na 6202: hiyo nje ni 35, kati ya 34.989 na 35.000. Hapo una vipimo viwili vya chuma kigumu vilivyosagwa kiwandani, kwa pesa ya chakula cha mchana cha siku chache. Futa mafuta, pima kipenyo cha nje kwa kugeuza pande tatu. Usipime unene wa beringi, kwa sababu unene unaruhusiwa kupungua hadi 0.12 na utadhani maikromita imeharibika.

Kisha ipime na hiyo vania yako. Mara moja karibu na uti, mara moja kwenye ncha. Tuandikie ulichopata.

Mwalimu wa Karakana, Kakamega

Mzee, heshima yako. Hilo la beringi nitalipeleka darasani Jumatatu.

Fundi, naongezea mambo ya mkono, maana nimeona wanafunzi wakipewa maikromita nzuri na bado wanaleta namba tatu tofauti. Usizungushe ngoma yenyewe kama unakaza bolti. Tumia racheti, kile kishikio kidogo kule mwisho, ikilia mara mbili tatu inatosha. Kabla ya kuweka sufuri, bana karatasi safi kati ya nyuso mbili kwa wepesi halafu ivute itoke. Utashangaa uchafu unaobaki kwenye karatasi. Shafti ipime sehemu tatu kwa urefu, na kila sehemu uigeuze robo mzunguko, kwa sababu kerezo la mtumba mara nyingi hutoa shafti nene upande mmoja.

Na joto. Vipimo vyote hivi vimewekwa kwa nyuzi 20, hali ambayo mchana wa Kisumu hauijui. Chombo na kazi vikiwa vyote vya chuma na vina joto moja, vinatanuka pamoja na tofauti ni ndogo. Hatari ni shafti inayotoka kwenye kisu sasa hivi. Ikiwa na nyuzi 70 wakati maikromita iko 20, chuma cha milimita 30 kimetanuka karibu 0.017. Utaikata mpaka ikae sawa ikiwa ya moto, ikipoa imepungua. Iache ipoe kabisa kabla ya mkato wa mwisho.

Unakaa karibu na ziwa, kwa hiyo kutu ni adui wako wa kila siku. Jasho la vidole peke yake linaacha alama kwenye fuawe. Futa, paka oili nyepesi, na usiihifadhi ikiwa imebana. Acha mwanya mdogo. Isilale juu ya kerezo kwenye chenga za chuma.

Mimi pesa itakayobaki ningeiweka kwenye geji ya saa na kishikio chake cha sumaku. Maikromita inakwambia unene, haikwambii kama shafti inayumba.

Mzee wa Lanet

Mwalimu amesema kweli kuhusu geji ya saa, ila ingoje. Kwanza maikromita.

Fundi wa Mamboleo

Asanteni sana. Nimerudi na majibu.

Nilinunua 6203 na 6202, nikazifuta kwa petroli na kitambaa cha pamba. Vania yangu ikaipima 6203 karibu na uti: 39.99. Kwenye ncha za taya: 39.95. Niliposhika vania imefungwa mbele ya dirisha, mwanga ulipenya kama uzi karibu na ncha. Miaka mitatu nimefanya kazi nayo na sikuwahi kuinyanyua kwenye mwanga. Nikakaza vile viskurubu viwili vidogo vilivyo juu ya kiteleza, robo mzunguko kila kimoja; sasa ncha zinasoma 39.97 na kiteleza bado kinatembea. Itabaki ya kazi za kukadiria, kukata urefu na kadhalika.

Maikromita nimeipata Ahero, kwa mzee anayefunga karakana yake. Moore & Wright, 25 hadi 50, ya milimita, ina kisanduku cha mbao na fimbo yake. Alitaka 7,500, tukaelewana kwa 6,500. Nilimwomba niijaribu kabla ya kulipa na akanisogezea kiti. Fimbo: sufuri sawasawa. 6203: kati ya 39.99 na 40.00, mstari ukiwa katikati. 6202: hivyo hivyo chini ya 35.00. Nikazungusha kutoka mwanzo hadi mwisho nikisikiliza kama kuna mahali inakwama, hakuna.

Juzi nimekereza shafti nyingine ya 6206. Nilisimamisha kazi ikiwa imebaki sehemu kumi za mia za milimita, nikaenda kunywa chai, nikarudi ikiwa baridi. Mkato wa mwisho ulinipa 30.01 sehemu zote tatu, ila upande wa mkia ilizidi hapo kwa nusu ya mstari, yaani 0.005. Beringi niliipasha moto ikaingia bila nyundo. Ilipopoa nikaizungusha kwa kidole, ikaendelea yenyewe mizunguko minne kabla ya kusimama.

Mzee, ule upande wa mkia unaozidi nusu mstari, nianze kuangalia wapi?

Mzee wa Lanet

Anza na kishikilia-mkia cha kerezo, kile kinachoshika ncha ya pili ya kazi. Kipande kirefu, kisu kile kile, kata mkato mwepesi bila kugusa chochote, pima ncha zote mbili. Mkia ukiwa mnene, kisogeze kuelekea kwako nusu ya tofauti hiyo. Hapo ndipo utahitaji ile geji ya saa ya Mwalimu.