Harara chini ya helmeti ya kurekebisha kichwa: tumfanyieje mtoto wakati wa joto kali?

Mama Nasra (Houston)

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Binti yangu ana miezi sita, na tangu majuma machache yaliyopita anavaa helmeti ya kurekebisha kichwa, kwa sababu kisogo chake kilikuwa bapa upande wa kulia na shingo ilikuwa imekaza. Tumeagizwa aivae saa 23 kwa siku, ile saa moja inayobaki iwe ya kuoga na kusafisha. Shida yetu ni joto la Texas: nje nyuzi zinapita 35, hewa ina unyevunyevu kama wa Mombasa mwezi wa Machi, na kila tunapomvua helmeti tunamkuta amelowa chapachapa. Sasa ametokwa na vipele vidogo vyekundu kwenye kisogo na juu ya masikio, na usiku halali vizuri. Mama mkwe, aliyekuja kutusaidia kulea, anashauri nimpake mafuta ya nazi kisha nimnyunyizie poda. Sipendi kumvunjia heshima, kwani amelea watoto wengi kwa njia hiyo, ila hakuna aliyevaa helmeti miongoni mwao. Je, nifuate ushauri huo, au nimvue helmeti kwa siku kadhaa mpaka ngozi ipone?

Muuguzi wa Watoto (Dallas)

Waalaikum salaam, Mama Nasra. Unavyoeleza inaelekea kuwa harara, ingawa ni vyema daktari wake amwone kwa macho. Harara hutokea vijinjia vya jasho vinapoziba, jasho likakwama chini ya ngozi na kuiwasha. Ndiyo maana mafuta, ya nazi au ya mgando, hayafai chini ya helmeti: yanazidi kuziba pale palipokwisha kuziba. Poda nayo hushikana na jasho ikawa tope linalokwaruza, na vumbi lake likivutwa puani linaweza kumdhuru mtoto mapafu. Mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba mafuta yake yanakaribishwa miguuni na mikononi, ila kichwa kibaki kikavu.

Kabla ya yote, hakikisha hauchanganyi harara na alama za mgandamizo. Alama ya mgandamizo ni wekundu bapa, usio na vipele, uliokaa pale hasa helmeti inapobana, na kwa kawaida hufifia ndani ya saa moja baada ya kuivua. Usipofifia, au ukiona lengelenge au mchubuko, usimrudishie. Piga simu kwa mtaalamu aliyeitengeneza, kwa kuwa huenda inahitaji kuchongwa kidogo kwa ndani. Harara yenyewe hutapakaa popote panapotoa jasho, hata kwenye mikunjo ya shingo ambayo helmeti haiigusi. Na ukiona wekundu wenye mpaka ulionyooka unaofuata ukingo wa sponji, basi shuku sabuni au dawa ya kusafishia iliyobaki ndani.

Usafi ndiyo tiba kubwa hapa. Kila siku mwogeshe kichwa kwa sabuni laini isiyo na manukato, suuza vizuri, kisha kausha nywele mpaka kwenye mizizi. Nywele zetu nzito za kipilipili hushika maji hata pale zinapoonekana kavu kwa juu, na unyevu huo ukifunikwa ndio unaorudisha vipele kesho yake. Helmeti ifute kwa ndani kwa kitambaa chenye spiriti ya asilimia 70, halafu iweke mbele ya feni hadi ikauke kabisa na harufu ya spiriti iishe, kwani spiriti mbichi huichoma ngozi iliyokwisha kuwashwa. Usiiloweke majini wala usiianike juani au kuiacha ndani ya gari, maana joto laweza kuipinda.

Kuhusu kuivua siku kadhaa, usiamue peke yako. Helmeti huacha nafasi upande uliobonyea ili kichwa kinapokua kijaze huko, na katika umri huu kichwa kinakua upesi, kwa hiyo ikikaa pembeni kwa muda inaweza kurudi ikiwa haikai sawa. Waombe kliniki wakuruhusu mapumziko mafupi wakati wa jua kali. Mara nyingi hukubali. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, mvue na umpigie daktari.

Baba Pacha (Muscat)

Wanangu wote wawili walivaa kipindi cha kiangazi, na hapa kwetu kiangazi hakina huruma. Kilichotufaa ni kumfuta mtoto katikati ya mchana: mnamvua kwa dakika chache, mnakausha kichwa na sponji kwa kitambaa cha pamba, mnamrudishia. Tuliwavika nguo moja nyepesi tu, na gari tulilipoza kwanza ndipo tukawaingiza.

Mwanafunzi wa Tiba (Minneapolis)

Naomba kuongeza jambo, bila nia ya kumkatisha dada tamaa. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la watoto 84, nusu wakiwa na helmeti na nusu bila, na walipofika miaka miwili maumbo ya vichwa hayakutofautiana kwa maana. Wazazi wa waliovaa waliripoti ngozi kuwashwa kwa asilimia 96, na jasho kuzidi kwa asilimia 71, kwa hiyo yanayowasumbua ni ya kawaida mno. Hata hivyo, watoto wenye shingo iliyokaza hawakuingizwa katika jaribio hilo, nawe umesema shingo ya binti yako ilikaza. Muulize daktari wake, na mazoezi ya shingo yasiachwe kwa sababu ya helmeti.

Mama Nasra (Houston)

Nawashukuru sana. Nimemtazama tena: vipele vimeshuka hadi shingoni, na wekundu wa juu ya sikio ulififia kabla hatujamaliza kumkausha. Mama mkwe ameridhia kuhusu mafuta, lakini sasa anauliza kama tumnyoe kipara.

Muuguzi wa Watoto (Dallas)

Msinyoe kwanza. Helmeti ilitengenezwa kwa kipimo cha kichwa chenye nywele zile zile, na zikiondoka zote kwa mara moja inaweza kulegea na kuanza kusugua. Tena wembe juu ya harara huacha michubuko midogo ambayo vijidudu hupenya. Muulizeni mtaalamu wenu siku ya marekebisho yajayo. Wakati huo huo, vipele vikianza kutunga usaha, au ngozi ikawa ya moto na yenye harufu mbaya, usisubiri siku hiyo ya miadi: mvue na umpeleke kwa daktari siku ile ile.