Kiwanja cha Bugembe, Uganda: mazungumzo ya ukoo kuhusu zuio la muda

Shangazi: Asalaam alaikum, wanangu. Yule mtu aliyeuziwa kiwanja cha marehemu baba bila sisi kushirikishwa ameleta wapima ardhi leo, wakachimbia nguzo hadi ukingoni mwa makaburi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, amenipigia simu kwamba tingatinga linatarajiwa Jumatatu.

Baba Mdogo: Wa alaikum salaam, dada. Mimi nilidhani kaveti, lile pingamizi tuliloliweka ofisi ya ardhi, ilikwisha kumaliza jambo hili. Kama hati haiwezi kubadilishwa jina, anajenga kwa nguvu gani?

Wakili: Baba Mdogo, kaveti humfunga mikono msajili wa hati, lakini haimzuii dereva wa tingatinga. Kinachoweza kumsimamisha mnunuzi pale kiwanjani ni zuio la muda, ambalo mahakama hulitoa chini ya Agizo la 41 la Kanuni za Mwenendo wa Madai, pale mali inayogombaniwa inapokuwa hatarini kuharibiwa au kuuzwa. Ombi hilo halisimami peke yake. Ni lazima tufungue kesi yenyewe ya umiliki, na kwa kuwa thamani ya kiwanja imepita shilingi milioni 50, tutakwenda Mahakama Kuu, Jinja.

Dada Mkubwa: Hatujapata bado barua za usimamizi wa mirathi. Hatutarudishwa mlangoni?

Wakili: Hapana, dada. Katika kesi ya Israel Kabwa dhidi ya Martin Banoba, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mrithi anaweza kushtaki kwa jina lake ili kulinda mali ya marehemu hata kabla ya kupewa barua hizo.

Baba Mdogo: Basi tumpelekee jaji mkataba wa mzee na risiti zake, atamke kiwanja ni cha nani.

Wakili: Hilo litasubiri kesi kuu. Tangu uamuzi wa Kiyimba Kaggwa dhidi ya Katende wa 1985, mahakama zetu zimeshikilia kwamba kazi ya zuio ni kulinda hali ilivyo mpaka mgogoro uamuliwe. Jaji ataangalia kama kesi yetu ina mashiko, kama tutapata hasara isiyofidika kwa fedha, na akibaki na shaka atapima ni upande gani utakaoumia zaidi. Jambo la pili ndilo linalonikosesha usingizi, kwa sababu wenzetu watadai kwamba ardhi ina bei yake na anayeshinda atalipwa. Jibu letu ni makaburi, na ningependa hati ya kiapo iyaeleze moja baada ya jingine: nani amelala wapi, alizikwa lini, na nani huyatunza.

Shangazi: Kiapo hicho nitakila mimi. Wazazi wangu wote wawili wako pale, na hakuna fedha itakayowarudisha tingatinga likishapita juu yao.

Dada Mkubwa: Nami nakwenda kupiga picha za nguzo, makaburi na migomba jioni hii hii.

Wakili: Tafadhali usichelewe, kwa maana mahakama haizuii jambo lililokwisha kutendeka, ukuta ukishasimama, tutaambiwa kwamba huo nao ni sehemu ya hali ilivyo. Kesho nitaomba pia amri ya dharura ya kushikilia mambo hadi ombi la zuio lisikilizwe. Ikitolewa, tutamkabidhi mnunuzi nakala na kumpelekea mwenyekiti nyingine. Atakayekaidi zuio anaweza kukamatiwa mali na kufungwa jela ya madai hadi miezi 6.

Baba Mdogo: Vijana wa nyumbani wamekasirika mno, wanataka kung'oa zile nguzo usiku.

Wakili: Wazuie, Baba Mdogo, nakuomba sana. Hatuwezi kumwomba jaji alinde hali ilivyo huku sisi wenyewe tukiibadilisha.

Baba Mdogo: Nimekuelewa. Natoka sasa hivi kwenda kuzungumza nao, na nitalala huko huko Bugembe.