Mbaazi za nazi kwa wageni wanaoamka saa tofauti: zikae mezani hadi lini?

Mama wa Vyumba Vinne, Mji wa Kale

Asalaam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Mji wa Kale, Mombasa, na bei ya chumba ni pamoja na chakula cha asubuhi: mahamri, mbaazi za nazi, mayai, matunda na chai. Wageni wanaowahi treni ya Miritini hutaka kula saa kumi na mbili, na wengine huteremka saa nne, jua limeshapanda. Mbaazi hupikwa mara moja alfajiri, zikafunikwa kwa kawa mezani. Wiki iliyopita niliinua kawa saa tatu na nusu nikaona povu dogo pembeni mwa bakuli, na harufu ya tui ilikuwa na ukali. Nilizimwaga zote, lakini tangu siku hiyo najiuliza ni mara ngapi nimewapakulia watu mbaazi zilizokwisha kuanza kuchacha bila ya mimi kujua. Je, niwe nikizipasha moto kila mgeni anapoteremka, au kuna njia bora zaidi?

Mpishi, Nyali

Waaleikum salaam, dada. Ulifanya vyema kuzimwaga. Kawa huzuia nzi, lakini bakteria huzaana upesi katika chakula chenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, na hewa ya Mombasa iko ndani ya kiwango hicho usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2. Wakati wa kaskazi, joto linapozidi, mimi huhesabu saa 1 tu. Kupasha moto tena na tena hakutakusaidia, kwa sababu baadhi ya bakteria huacha sumu ambayo haiondoki hata chakula kikichemka.

Jikoni kwetu tui na mbaazi havikutani mpaka mgeni ameketi. Mbaazi huchemshwa jioni kwa maji na chumvi hadi ziive, kisha humwagwa kwenye sinia pana ili zipoe haraka, ndipo zikaingia katika friji. Usiingize sufuria nzima, maana pembeni hupoa na katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na hapo ndipo uharibifu unapoanzia. Asubuhi chota kiasi cha mgeni mmoja, tia tui, koroga taratibu hadi lichemke kabisa. Tui lenyewe likamue alfajiri, liweke kwenye baridi, na litakalobaki usilitunze kwa kesho. Mahamri hayana shida hiyo, kwani ni makavu.

Afisa wa afya mstaafu, Likoni

Naongeza jambo moja ambalo nimeliona katika nyumba nyingi ndogo nilizokagua: mwenye nyumba huamini friji yake bila ya kuipima. Nunua kipimajoto, kiweke rafu ya katikati usiku kucha, na usome asubuhi kabla mlango haujafunguliwa mara nyingi. Kisome nyuzi 5 au chini yake. Umeme ukikatika, friji iliyofungwa hutunza baridi kwa takriban saa 4. Baada ya hapo maziwa, tui na mbaazi zilizopikwa vitupwe, hata kama havinuki.

Msaidizi wako wa jikoni awe na cheti cha afya, ambacho hapa Kenya huhuishwa kila baada ya miezi 6. Hata hivyo, akiharisha leo, asiguse chakula mpaka zipite siku 2 tangu alipoacha kuharisha, na mlipe siku hizo ili asiogope kusema kweli.

Mpishi, Nyali

Nilisahau matunda. Osha embe na papai kabla ya kumenya, kwa maji yaliyochemshwa ikiwa mnatumia kisima, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani.

Mama wa Vyumba Vinne, Mji wa Kale

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimenunua kipimajoto, na leo asubuhi kimesoma nyuzi 11. Nilipopitisha kidole kwenye mpira wa mlango nikakuta umepasuka upande wa chini, mahali ambapo sijawahi kuinama kutazama. Fundi anakuja kesho. Mpaka autengeneze, mbaazi nitachemsha alfajiri kwa alfajiri, nazi nitakuna mgeni akiwa ameshaketi, na wa saa nne nitawapikia mayai.