Ukoo wa Chumbageni na sakata la Rodgers

Jumapili, 23 Aprili 2023

Mama Mkubwa (Tanga): Idi mosi imepita salama, alhamdulillah. Nyie wa Marekani mliotutangulia kula Ijumaa, mbona hata picha hamtumi?

Zuhura (Jersey City): Shikamoo Mama Mkubwa. Biriani imeisha. Kilichobaki ni kelele za mwanao na Rodgers wake.

Iddi (Milwaukee): Mama shikamoo. Muulize huyo kwa nini timu yake inamtaka mtu wetu na kulipa haitaki.

Mjomba (Tanga): Rodgers ndiye nani tena?

Baraka (Minneapolis): Shikamoo Mjomba. Ni ule mpira wa Kimarekani, wa kofia ngumu. Rodgers ndiye kwotabeki wa Green Bay Packers, timu ya Iddi. Kwotabeki ndiye anayerusha mpira na kuendesha shambulizi zima. Jets ya New York, timu ya shemeji Zuhura, wanamtaka.

Mjomba: Marahaba. Ule wa kugongana naujua. Wanacheza sekunde sita, wanasimama kupiga soga. Haya, si wamnunue? Shilingi ngapi?

Zuhura: Huku hawauziani kwa pesa hivyo Mjomba. Wanabadilishana. Unatoa mchezaji, unapewa mchezaji au nafasi kwenye drafti.

Mjomba: Nafasi ya kitu gani?

Zuhura: Kila mwaka vijana wanaotoka vyuo vikuu wanagawanywa kwa raundi 7. Aliyevurunda msimu uliopita anachagua mapema, bingwa anachagua mwisho. Ile nafasi yako ni mali, unaweza kumpa mwenzio. Mwaka huu drafti ni Alhamisi hii, Kansas City. Sisi Jets tulishinda 7 tukapoteza 10, tuna nafasi ya 13. Iddi na wenzake walishinda 8 wakapoteza 9, wana ya 15.

Mjomba: Kwa hiyo ukifungwa sana unazawadiwa. Coastal Union wangefurahi 😂

Iddi: Mjomba usiitukane timu ya nyumbani.

Mjomba: Mimi wa Msimbazi bwana. Baleke jana kamfunga Wydad hujaona? Na wiki iliyopita nyie Wananchi tuliwapa ngapi vile?

Iddi: Na leo Mayele kaweka mbili kule Nigeria, hilo husemi. Turudi kwenye hoja.

Iddi: Hoja yangu ni hii. Nafasi ya 13 lazima itoke. Tunazungumzia mchezaji bora wa ligi mara 4 (2011, 2014, 2020, 2021), na Super Bowl, yaani fainali ya ligi, ya msimu wa 2010 katupa yeye. Halafu Zuhura ananiambia nafasi ya raundi ya pili inatosha. Raundi ya pili!

Zuhura: Ana miaka 39 kaka. Na mwezi Februari alijifungia gizani siku nne akitafakari kama astaafu.

Mjomba: Gizani vipi?

Zuhura: Chumba kisicho na mwanga kabisa, huko Oregon. Kwa hiari yake.

Mjomba: Sisi huku umeme ukikatika tunakaa gizani bila hiari na hatupewi hata chapati.

Zuhura: Sasa mtu kama huyo nimtolee nafasi mbili za raundi ya kwanza, halafu acheze mwaka mmoja aingie tena gizani atoke kastaafu? Nitabaki na nini? Denver mwaka jana walitoa nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili, na wachezaji watatu juu yake, wakampata kwotabeki Russell Wilson. Wakashinda mechi 5. Seattle waliomtoa ndio wakaingia mtoano.

Iddi: Asante kwa kuitaja Denver. Kocha mkuu wa Denver aliyefukuzwa kabla hata msimu haujaisha ni nani? Nathaniel Hackett. Sasa hivi kocha wenu wa ushambuliaji ni nani? Nathaniel Hackett. Mmemchukua kwa sababu Rodgers anampenda, basi. Mkamsajili na Lazard kwa sababu amezoea kupokea mipira yake. Bibi harusi keshapakwa hina ndio mnaanza kupatana mahari?

Baraka: 😂😂😂

Zuhura: Wewe cheka, timu yako msimu uliopita ilishinda 13 ikatolewa nyumbani mechi ya kwanza ya mtoano.

Baraka: Naondoka polepole.

Zuhura: Iddi, wenye shida ni nyie. Mwenyewe alisema Machi 15, dunia nzima inasikia, kwamba nia yake ni kuichezea Jets. Kwotabeki wenu kijana Jordan Love mlimchukua 2020, amekaa benchi miaka mitatu anasubiri zamu. Rodgers akibaki anawadai bonasi ya dola milioni 58 na ushei. Mtamlipa hiyo akae benchi na kibao cha kuandikia?

Iddi: Bonasi hailipwi kesho. Tuna muda hadi msimu uanze. Nyie ndio drafti inawafikia Alhamisi na kwotabeki mliye naye ni Zach Wilson, mliyemchukua nafasi ya 2 mwaka 2021 na mkamweka benchi wenyewe.

Mjomba: Ngoja. Huyu mtu kasema anataka kuondoka, klabu imemshikilia kwa mkataba. Si Fei Toto na Yanga hii?

Iddi: Hapana Mjomba, Fei yeye alirudisha pesa akajiondoa, TFF ikasema bado ni wa Yanga. Rodgers hajavunja kitu. Klabu yenyewe inataka aende. Wanachobishania ni bei.

Mjomba: Na akisema kule siendi?

Iddi: Kama mkataba wake hauna kipengele cha kukataa, hana usemi. Unapigiwa simu mchana, unaambiwa wewe sasa ni wa mji mwingine, fungasha. Kuna watu wamejua kwa kusoma kwenye simu zao.

Mjomba: Bila kuulizwa? Mtu na mkewe na watoto wake shule?

Baraka: Bila kuulizwa Mjomba. Rodgers ana bahati, jina lake linamfanya asikilizwe. Wale wa kawaida wanahamishwa kama viti vya shughuli.

Mjomba: Mishahara mikubwa, lakini hapo wamenishinda.

Baraka: Mimi kinachonichekesha ni kwamba filamu hii Green Bay wameshaicheza. Mwaka 2008 kwotabeki wao mkongwe Brett Favre alistaafu akilia, akabadili mawazo, wakamwambia nafasi yako ina kijana. Wakampeleka wapi? Jets! Na kijana mwenyewe alikuwa nani? Rodgers, aliyekuwa kasubiri benchi miaka mitatu. Favre akaanza vizuri Jets, ushindi 8 katika mechi 11, mwisho wakakosa mtoano. Mwaka uliofuata akaja kwetu Minnesota akawafunga Packers mara mbili msimu mmoja. Kwa hiyo shemeji Zuhura mtunze vizuri, mimi namngojea 2024.

Iddi: Baraka siku moja nitakutoa kwenye ukoo.

Baraka: Dada yako hatakubali.

Zuhura: Cheka tu, mimi nina njaa. Tangu msimu wa 2010 hatujaingia mtoano. Super Bowl yetu ni moja tu, Januari 1969. Mwaka jana vijana wetu wawili, Garrett Wilson na Sauce Gardner, wamechukua tuzo zote mbili za wachezaji wapya bora, mmoja ushambuliaji, mwingine ulinzi. Ulinzi tunao, wapokeaji tunao. Tunakosa mtu wa kurusha. Nikisubiri kijana mwingine akue, hawa wawili mikataba yao itakuwa imeisha.

Iddi: Ndiyo maana utalipa.

Zuhura: Nitalipa ya mwaka huu. Ya mwakani iwe na masharti.

Iddi: Mimi kama mmiliki sikubali.

Mama Mkubwa: Mmiliki wa nini?

Zuhura: Mama Mkubwa hujui? Mwanao alinunua hisa ya Packers, dola 300. Cheti kakiweka kwenye fremu sebuleni.

Mama Mkubwa: Inakupa gawio kiasi gani Iddi?

Iddi: Haina gawio Mama.

Mama Mkubwa: Basi ukiiuza utapata faida.

Iddi: Hairuhusiwi kuuzwa. Lakini tuna haki ya kupiga kura. Ni timu pekee ya ligi ambayo haina tajiri mmoja, wenye hisa tuko zaidi ya laki 5, na mji wenyewe una watu kama laki moja hivi.

Mama Mkubwa: Dola 300. Na paa la nyumba ya huku linavuja.

Mjomba: 😂😂 Dada umemaliza.

Jumatatu, 24 Aprili 2023

Zuhura: IMETOKEAAAA

Zuhura: Rodgers ni wetu!!!

Baraka: Masharti kwanza. Nani kaliwa?

Iddi: Nayasoma. Tulieni.

Iddi: Packers tunapata: nafasi yao ya 13, ya 42, ya 207, na raundi ya pili ya 2024, ambayo inageuka kuwa raundi ya KWANZA kama Rodgers atacheza asilimia 65 ya vipande vyao vya kushambulia (zile sekunde sita za Mjomba) msimu huu. Wao wanapata mzee, nafasi yetu ya 15 na ya 170. Nilisema 13 itatoka. Nilisema!

Zuhura: Umeipata 13 ukanirudishia 15. Nimeshuka ngazi mbili tu, ndizo ulizokuwa unazililia mwezi mzima? Na ile 42 tuliipata kwa Cleveland, 43 yangu bado ninayo.

Iddi: Lakini raundi ya kwanza ya 2024 imo.

Zuhura: IKIWA. Soma neno ikiwa.

Baraka: Asilimia 65 si nyingi. Na akiumia?

Iddi: Aumie wapi? Msimu uliopita kavunjika kidole gumba Oktoba na mechi zote 17 kaanza yeye. Hiyo 65 ataifikisha kabla ya Krismasi.

Zuhura: Kwa hiyo kuanzia leo wewe na watu wako wa Green Bay mnamwombea afya kwotabeki wa Jets. Karibu sana kaka. Nikutumie jezi saizi gani?

Iddi: Namwombea afya, ushindi hapana. Acheze mechi zote, apoteze zote, nafasi yenu iwe ya juu kabisa, niichukue.

Zuhura: Roho mbaya hiyo.

Iddi: Hesabu hiyo.

Baraka: Hesabu sema na ile dola milioni 40 mtakayobeba kwenye kikomo cha mishahara ambacho ligi inaiwekea kila timu, mwaka huu, kwa mtu anayechezea wengine.

Iddi: Hiyo naijua, usinikumbushe. Love ni wa bei rahisi, tutaishi.

Mjomba: Mimi nimeelewa moja. Mmebishana mwezi mzima na hakuna hata mmoja wenu aliyeshinda mpaka mwakani.

Zuhura: Mjomba, Alhamisi tuangalie pamoja kwa video? Inaanza saa mbili usiku huku kwangu.

Mjomba: Tanga itakuwa saa ngapi?

Zuhura: Ijumaa, saa tisa usiku.

Mjomba: Kuangalia watu wakiitwa majina? Nitalala mwanangu. Ijumaa nina Wydad Casablanca.