Kwadi ya mtumba inachemsha na kupoteza maji: je, rejeta kubwa itanitosha?

Kaskazi wa Paje
Assalaam alaykum wanajukwaa. Ninaomba ushauri wa mafundi na wa yeyote aliyewahi kumiliki kwadi, yaani hizi pikipiki za magurudumu manne tunazopitisha wageni mashambani na ufukweni. Nimenunua moja iliyotumika, ya silinda moja, inayopozwa kwa maji, iliyoletwa kutoka Dubai. Ikitembea kwenye mchanga kwa muda huanza kuchemsha, na kila asubuhi nikifungua rejeta nakuta maji yamepungua, ingawa sakafuni hakuna hata tone. Feni inazunguka. Nimepata rejeta kubwa zaidi kwa muuza spea wa Dar es Salaam. Je, nikiifunga hiyo tatizo litakwisha? Msimu wa wageni umekaribia, na akiba yangu yote imeingia humo.

Mjomba wa Stendi
Waalaykumu salaam. Mwanangu, chombo cha mtumba hukaguliwa injini ikiwa ya baridi kabisa. Muuzaji ambaye amekwisha kuiwasha kabla hujafika, ukaikuta ya moto, huyo ana jambo analolificha. Vijana siku hizi mnatazama rangi na matairi, mkiulizwa mlifungua mfuniko wa rejeta mkatazama ndani, mnanyamaza.

Dereva wa Kitonga
Pole sana, kaka. Noah yangu iliwahi kunisumbua hivyo hivyo kila nikipanda Mlima Kitonga, nikabadilisha pampu ya maji, nikabadilisha mipira, mshale wa joto ukaendelea kupanda. Mwisho fundi mmoja wa Iringa alifungua mbele akanionyesha mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi na mbegu za nyasi, hata hewa haipiti. Ioshe rejeta yako ukitokea upande wa ndani kwenda nje, kwa maji ya mpira wa kawaida, kwa sababu mashine ya kuoshea magari hulaza mapezi. Thamostati nayo itoe uitupe, nchi yetu ni ya joto.

Fundi wa Likoni
Ndugu yangu, rejeta iache kwanza. Naomba uniambie unajaza kitu gani, maji matupu au kulanti, yaani ile dawa maalumu ya kupozea injini. Kitenki cha akiba hupungua pamoja na rejeta au hubaki kimejaa. Na chombo hiki kilipochemka vibaya kwa mara ya kwanza kilipozwaje. Thamostati usiitoe. Kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto lake la kawaida na kuiweka hapo, na kuiondoa hakuzibi gasketi iliyokwisha kupasuka, yaani ile pakingi inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda.

Kaskazi wa Paje
Ahsante, fundi. Ninajaza maji ya chupa. Kitenki kimejaa pomoni wakati wote, wala taa ya joto haijawahi kuwaka. Kuhusu mara ya kwanza, ilichemka kawaida tu, tukaipoza, safari ikaendelea.

Fundi wa Likoni
Mliipoza kwa kutumia nini?

Kaskazi wa Paje
Kwa maji ya bahari. Kijana wangu anayeongoza wageni alikuwa mbali na kijiji, maji yameanza kujaa, na pale ufukweni hakuna kisima. Alifungua mfuniko mvuke ulipopungua, akamimina, akarudi nayo. Je, nyinyi mngeiacha ichukuliwe na bahari? Ilipofika nyumbani tuliyamwaga yote tukajaza maji safi, kwa hiyo sioni kwamba yanahusika. Isitoshe, rejeta nimekwisha kuilipia nusu ya bei, na muuzaji amesema harudishi fedha. Ninachouliza ni kama itanitosha.

Mpishi wa Forodhani
Basi chumvi ya mchuzi ipo tayari, bado samaki.

Mwenye Mizani
Niwieni radhi, lakini uzi huu una harufu ya kutungwa. Rejeta inakauka, kitenki cha akiba kimejaa, injini inatokota, na taa ya joto haiwaki: mambo haya hayakai pamoja. Picha hata moja hatujawekewa. Nadhani yupo mtu mwenye rejeta za kuuza, na kesho tutaletewa namba ya simu.

Dereva wa Kitonga
Hata mimi nimeanza kuingiwa na shaka. Kijana afungue mfuniko wa injini iliyochemka na asiungue?

Fundi wa Likoni
Kuungua angeweza kuungua, na vibaya sana. Lakini hayo manne aliyoyataja Mwenye Mizani hukaa pamoja, na ndiyo yanayonifanya nimwamini mwenye uzi. Kifaa kinachopima joto kimetengenezwa kiguswe na maji. Maji yakishuka chini yake, kinabaki kwenye hewa na mvuke, na taa inaweza kunyamaza huku hedi, yaani kichwa cha injini, inaungua. Ama kitenki, tazameni mfuniko wa rejeta. Una vali mbili. Ile kubwa hushikilia msukumo, na msukumo wa takriban baa 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120. Ile ndogo ya katikati hufunguka injini inapopoa, ili maji yaliyokimbilia kwenye kitenki yarudishwe. Vali hiyo ikikwama, au mpira wa kwenda kwenye kitenki ukiwa na ufa, maji huenda yasirudi. Ndiyo maana mfuniko unabadilishwa kwanza, tena ni spea ya bei ndogo.

Sababu ya pili ndiyo ninayoihofia. Hedi ya alumini iliyomwagiwa maji ya baridi ikiwa ya moto hupinda, gasketi ikashindwa kuziba, na gesi ya mwako ikawa inapenya kwenye njia za maji na kuyasukuma yote kwenye kitenki. Rejeta kubwa haizuii gesi hiyo. Chumvi nayo hula alumini, na kumwaga mara moja hakuitoi iliyobaki kwenye jaketi la silinda, yaani njia za maji zinazoizunguka.

Kesho asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, jaza rejeta hadi juu, legeza boliti ya kutolea hewa mpaka mapovu yakome, ikaze, kisha washa injini mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache yanayokwisha ni hewa iliyobaki. Yakiendelea bila kukoma hata injini haijapata joto, na ukiongeza moto yakazidi, gasketi imekufa. Tazama pia oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena.

Mjomba wa Stendi
Zamani tulikuwa tunaonja oili kwa ulimi kujua kama maji yameingia.

Fundi wa Likoni
Mzee wangu, tafadhali mtu yeyote asionje. Kulanti nyingi zina glikoli, ambayo ni tamu na huharibu figo, na ikimwagika uani paka na mbwa huilamba.

Kaskazi wa Paje
Nimeiwasha leo alfajiri baada ya kubadilisha mfuniko na kutoa hewa kama ulivyoelekeza. Mapovu hayakukoma. Yanatoka madogo madogo kama ya soda, na mpira wa juu uligeuka mgumu mara tu nilipofunga mfuniko, kabla injini haijapata moto. Oili ni safi. Picha nimeziweka hapo chini kwa ajili ya Mwenye Mizani. Hata hivyo, bado naona rejeta kubwa itasaidia kwenye mchanga.

Mwenye Mizani
Nimeziona, hata ile kutu nyeupe shingoni mwa rejeta. Naondoa neno langu.

Fundi wa Likoni
Rejeta itakusaidia baada ya hedi kupona, basi ichukue uiweke ndani. Oili kuwa safi ni heri kwako. Sasa fungua hedi, ipeleke kwa fundi wa mashine mwenye rula ya chuma iliyonyooka, aipime kwa ulalo kutoka pembe hadi pembe kabla ya kuisawazisha, na mfano huo huo apime uso wa silinda. Nunua gasketi mpya na boliti mpya, na usikubali gasketi ya kukatwa kwa mkono. Wakati hedi iko nje, sukutua jaketi na rejeta kwa maji safi mengi. Ukishafunga jaza kulanti, uachane na maji ya chupa.

Kaskazi wa Paje
Huyo fundi wa mashine nimpate Mjini hapa Unguja, au nivuke nayo hadi Dar es Salaam?