Navutiwa naye lakini simtaki, hii ni nini?

bintiLangoni: jamani kuna fundi wa nakshi hapa Lamu, nikipita karakana yake lazima nisimame, akianza kueleza milango ya zamani naweza kukaa mpaka adhuhuri inadhiniwa na mimi sijafika sokoni. Lakini wallahi simtaki kimapenzi wala kitandani, mume ninaye na nampenda. Niko sawa kweli?

msaniiwaShela: uko sawa kabisa dadangu, hiyo ni akili yake imekuvuta. Kuna na kuvutiwa na sura tu, unamtazama mtu unasema mashallah unaendelea na safari, kuna kutaka urafiki wake mpaka unaona wivu akiwa na wengine (hii mie hunipata sana), kuna hata kupenda kukumbatiwa tu bila lingine. Watu wasiovutiwa na mtu kingono (asexual) ndio wamezichambua sana hizi, wengi walikutania AVEN, mtandao alouanzisha David Jay Marekani 2001.

babuJahazi: pia mazoea yapo. Zajonc, mwanasaikolojia, alionesha 1968 kuwa kitu ukikiona tena na tena huanza kukipenda. Na wewe njia yako ni hiyo hiyo kila siku, utaachaje?

mamaKizingitini: hayo ya vitabuni sawa, lakini bi, mumeo anajua? Maana barazani hapa hawatakuuliza ni aina gani

bintiLangoni: 😂 anajua, yeye ndiye alonipeleka tukaagize kitanda